Jiwe la Mabatini

Nyuma ya chumba changu kuna jiwe kubwa kuliko chumba.
Mwenye nyumba alishindwa kulipasua, akanipunguzia kodi.
Kila Jumapili, nikimaliza mashuka ya gesti,
naandika juu yake kwa chaki mistari mitano, sita:
maji yametoka saa tisa usiku, nani alisikia;
paka wa Ng'washi amezaa ndani ya kapu la vibanio vyangu;
leo ziwa limenuka kama sarafu.
Wapandao kwenda juu husimama hapo kuvuta pumzi,
huchukua chaki kwenye kopo la maziwa, hujibu.
"Mimi nilisikia. Ndoo nne."
"Nitunzie mmoja, mweusi."

Kisha wakaja wale wengine.

Wa kwanza alikuwa na adabu:
"Ujumbe mzuri sana, umenigusa, Mungu akuzidishie.
Mkopo bila dhamana, dakika kumi, piga."
Nilifurahi. Nakiri. Ile nusu ya kwanza niliisoma mara mbili,
nikaenda kulala nimezidishiwa.

Kesho yake, nikipeleka mashuka Igogo,
nikaikuta sifa yangu kwenye nguzo ya umeme,
nikaikuta kwenye mlango wa choo cha stendi,
na kwenye ukuta ulioandikwa usikojoe hapa:
ujumbe mzuri sana, umenigusa.
Choo kimemgusa. Nguzo imemgusa.

Tangu hapo nikajifunza kuwanusa.
Sifa yao ni shati la mtumba lisilo na saizi,
linalienea kila jiwe, halilikai hata moja.
Hawamtaji paka. Hawaulizi ndoo.
Huja usiku na rangi ya mafuta, si chaki,
kwa kuwa mwenye neno lake haogopi mvua.
Nguvu za kiume. Pete ya bahati. Mpenzi hurudi siku tatu.
Mmoja alijibandika chini ya tangazo langu la msiba
wa bibi Nyamisi:
"Hongera sana, endelea hivyo hivyo!"

Mimi ni dobi; doa halinitishi.
Mafuta ya taa, majivu, brashi ya waya,
na ndoo mbili nilizopanda nazo kutoka bombani.
Nikajiwekea sheria, maana mgongo ni mmoja:
chochote chenye namba ya simu, sugua, usisome.

Mwezi wa nne niliandika kuhusu baiskeli ya baba,
aliyoiuza Buhongwa mwaka niliofaulu darasa la saba,
akarudi kwa miguu na sare yangu begani.
Basi. Mistari minne.
Jumanne asubuhi, kabla ya chai, nikaona namba.
Nikasugua. Mkono ulikuwa umeshazoea.
Macho ndiyo yaliyochelewa, yakafika brashi imeshapita:
"...ninayo mimi, mama. Ile njiti ya mwavuli bado ipo..."

Njiti ya mwavuli.
Sikuiandika mimi.
Baba aliichomeka mahali pa spoki iliyokatika,
mimi nimeshika gurudumu, yeye akiimba puani,
na hakuna mwingine anayeijua
ila aliye nalo gurudumu.
Na ilikuwa chaki. Chaki, jamani, ya mkono mzito,
herufi zinapanda kama watu waliobeba mizigo.

Kilichobaki ni saba, nne, na mkia wa tarakimu
inayoweza kuwa mbili, inayoweza kuwa tatu.
Nimeuzungushia mkaa.
Ng'washi haruhusiwi kuanika hapo.

Wa pete ya bahati hajaacha kuja, nami sijaacha kumfuta.
Ila sasa nageuza ndoo, nakaa juu yake kwanza,
nasoma mpaka mwisho, hata nguvu za kiume,
natafuta njiti.
Chini ya namba iliyokatika nimeandika, kubwa:
ULIYE NA BAISKELI, RUDIA. NILIKUWA NA HARAKA.

Tayari kuna mtu amenijibu, kwa rangi ya mafuta,
kwamba ujumbe huu umemgusa sana.